Jioni Atakuwa na Nani?

Somo: Matendo ya Mitume 15:36–41, 2 Timotheo 4:9–11

  Jambo la leo latuhusu sote, sisi na jirani zetu wote wa visiwani.

Ukishuka gatini Lamu na kuingia mjini, baada ya hatua chache utaiona ile Ngome kubwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Tangu wakati wa Waingereza hata mwaka 1984, Ngome hiyo ilikuwa gereza. Leo ni nyumba ya makumbusho. Wageni huingia na kutoka, na watoto hucheza mbele ya mlango wake. Kuta ni zile zile, lakini kazi yake imebadilika, wala hakuna mtu apitaye pale na kusema, “Jihadhari, hili lilikuwa gereza, litarudi kuwa gereza.”

Lakini kijana akikosa mara moja, akashikwa, akarudi kwetu, sisi husema hivyo hivyo juu yake. Twasema, “Jihadhari naye. Atarudia.”

Je, atarudia? Hilo ndilo swali letu leo. Hakimu huliuliza kabla ya kuamua. Chifu huliuliza, na mwalimu mkuu kabla ya kumpokea tena shuleni. Mama mzazi huliuliza usiku akiwa macho kitandani. Si swali baya, ndugu zangu. Mwenye kuliuliza si lazima awe mtu asiye na upendo. Ubaya huja tunapolijibu upesi, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipojikwaa. Sikilizeni niwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa ushirika wetu, mwana wa mjane, alishikwa pamoja na wenziwe wawili waliomzidi umri. Walikuwa wameiba mashine ya mashua ya mvuvi mmoja, Mwislamu wa upande wa Faza, ambaye alikuwa ameifunga mashua yake upande wa bara. Kijana wetu alikuwa na miaka 16. Mashine ilipatikana siku ya nne, imefichwa vichakani, haina rafadha. Mvuvi yule alikaa majuma matatu bila kwenda baharini, na hayo yalikuwa majuma ya kaskazi, wakati bahari imetulia na samaki wanapatikana. Msilisahau jambo hili. Tunapotaka kumhurumia kijana, tukumbuke kwamba ng’ambo ya maji kuna nyumba iliyokosa riziki kwa ajili yake.

Basi siku moja afisa wa probesheni alikuja kwangu. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu, amebeba faili, ametoka mbali kwa pikipiki. Tuliketi chini ya mwembe, akaniambia kwamba mahakama imemtaka aandike taarifa juu ya kijana yule: jinsi alivyolelewa, jinsi watu wanavyomjua, na kama yaelekea atarudia kosa.

Nilimjibu mara moja. “Binti yangu,” nilisema, “usijisumbue. Baba yake alifungwa kabla yake. Mwana wa nyoka ni nyoka. Atarudia.”

Yule binti hakubishana nami. Alisema kwa heshima, “Mzee, habari za baba yake nimekwisha kuziandika. Siwezi kuzifuta, wala wewe huwezi. Nakuuliza jambo lingine. Mahakama ikimrudisha hapa kwenu, jioni atakuwa na nani?”

Nilinyamaza. Niliwajua vijana wa ushirika wangu kwa majina siku ya Jumapili saa nne asubuhi. Jioni ya Jumanne sikujua aliko hata mmoja wao.

Baadaye nilimwomba binti yule anieleze kazi yake, naye akanieleza kwa subira. Alisema kwamba mtu anapopima kama kijana yaelekea atarudia, huangalia mambo ya namna mbili.

Kwanza kuna mambo yaliyopita. Kijana alikosa mara ya kwanza akiwa na umri gani? Amekosa mara ngapi? Kosa lenyewe lilikuwa la namna gani? Hayo ni ya kweli, tena yana uzito. Mtoto aliyeanza kuiba akiwa na miaka 9, akaendelea bila kukoma, si sawa na yule aliyefuata wakubwa usiku mmoja. Lakini mambo yaliyopita hayageuki. Ukiyapima leo na kuyapima mwaka ujao, ni yale yale.

Pili kuna mambo yanayoweza kugeuka. Rafiki zake ni akina nani? Yuko shuleni, au ana kazi, au anazurura? Nyumbani kuna mtu anayemwuliza ametoka wapi? Saa zake za mapumziko azitumiaje? Anatumia pombe au madawa ya kulevya? Naye mwenyewe aonaje kosa lake: anamwonea huruma aliyeibiwa, au anasikitika tu kwamba alishikwa?

Ndugu msikilizaji, itazame tena ile safu ya pili. Rafiki, shule, kazi, nyumba, saa za jioni. Ni nani anayeyajaza hayo katika maisha ya kijana? Ni sisi. Tunapoulizwa, “Je, atarudia?” twadhani tunaulizwa habari za kijana tu, kumbe nusu ya swali yatuhusu sisi. Kanisa likifunga mlango, mwenye shamba akamnyima kibarua, na jirani wakawakataza watoto wao kumsalimu, basi hatari imeongezeka, nasi ndio tulioiongeza. Halafu akirudia twasema, “Mnaona? Tulijua.”

Jambo hili la kupima si jipya duniani. Katika mwaka 1928 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Chicago huko Marekani, aitwaye Ernest Burgess, alichukua habari za wafungwa 3,000 waliokuwa wameachiliwa kabla ya muda wao, akatafuta mambo 21 yaliyoweza kuonyesha ni nani angeharibu na ni nani angetengenea. Tangu hapo watu wametengeneza fomu nyingi za namna hiyo. Zinasaidia, kwa kuwa mara nyingi fomu nzuri hukosea kidogo kuliko mzee mwenye hasira chini ya mwembe. Lakini fomu husema juu ya watu wengi kwa pamoja. Haiwezi kuapa juu ya mmoja.

Kuna habari nyingine ipasayo kusikiwa. Karibu na mwaka 1940, mume na mke waitwao Sheldon na Eleanor Glueck walianza kuchunguza vijana 500 wakosaji wa mji wa Boston. Miaka mingi baadaye wataalamu wawili, John Laub na Robert Sampson, waliwatafuta baadhi yao, ambao sasa walikuwa wazee wa miaka kama 70. Waliona kwamba wengi walikuwa wameacha uhalifu, hata baadhi ya wale ambao utoto wao ulikuwa na dalili mbaya kabisa. Walipotafuta sababu, walikuta mara nyingi mambo ya kawaida: kazi ya kudumu, mke mwema, jeshi lililomtoa mtu katika kundi lake la zamani. Maana yake, mtu alipata mahali pa kuwa jioni, na mtu wa kuwa naye.

Nao Don Andrews na James Bonta wa Kanada wamefundisha jambo ambalo wengi wetu hatulipendi. Nguvu kubwa ya uangalizi na mafundisho itumike kwa wale walio katika hatari kubwa. Kijana wa hatari ndogo ukimbana mno, ukamtoa shuleni na nyumbani, ukamchanganya na waliozoea uovu, waweza kumharibu wakati ulidhani unamtengeneza. Wazee wetu walijua hili: samaki mmoja akioza, huoza wote.

Tena fomu zilizotungwa mbali zahitaji kusomwa na mtu ajuaye mahali. Fomu yaweza kuuliza, “Je, anakaa na baba yake?” Pwani hapa baba yaweza kuwa yuko baharini, au kazini Mombasa, au ng’ambo, miezi mingi. Je, mtoto huyo hana malezi? Kuna mjomba, kuna nyanya, kuna mwalimu wake wa chuo. Ni kazi yetu kumweleza afisa mambo hayo kwa kweli, maana asipoelezwa, ataandika tu kwamba baba hayupo.

Sheria ya nchi yetu nayo imekwenda mbele, pengine kutupita sisi waumini. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliagiza kwamba mtoto asifungwe gerezani, hata ikakataza mahakama kutumia juu yake maneno ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa. Sheria mpya ya mwaka 2022 imeinua umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 14 huhesabiwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, mpaka ithibitishwe kwamba aliweza. Kuna pia njia za kumrekebisha mtoto bila kumpeleka mpaka mwisho wa kesi. Vijana wa kiume wa miaka 15 hadi 17 waweza kupelekwa bostali, kama ile ya Shimo la Tewa kule Mombasa, kwa muda usiozidi miaka 3. Mahakama yenyewe inaogopa kumpa mtoto jina baya. Nasi je, mbona twampa jina hilo kisimani, sokoni, na hata mlangoni pa kanisa?

Sasa tulifungue Neno la Mungu.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 15 twakuta wanaume wawili watakatifu wakigombana juu ya swali letu la leo. Paulo anataka kurudi kuyatazama makanisa. Barnaba anataka wamchukue Yohana aitwaye Marko. Paulo anakataa. Kwa nini? Kwa sababu katika safari ya kwanza, walipofika Pamfilia, Marko aliwaacha akarudi Yerusalemu. Paulo anaangalia yaliyopita, anapima, na jibu lake ni kwamba kijana huyu atarudia. Ugomvi ukawa mkali hata wakatengana. Paulo akaenda na Sila, naye Barnaba akamchukua Marko wakapanda chombo kwenda Kipro.

Nataka tuone mambo matatu hapa.

La kwanza, Paulo hakuwa mtu mbaya. Safari ilikuwa ya hatari, na aliyekimbia mara moja aweza kukimbia tena. Yatupasa kusema hili wazi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba kusamehe ni kufumba macho. Sivyo. Aliyeiba sadaka aweza kusamehewa leo, lakini usimpe funguo za sanduku leo. Aliyemdhuru mtoto asipewe darasa la watoto, hata akilia machozi mbele ya ushirika wote. Kumlinda mdogo ni upendo. Tena ni kumlinda na mkosaji mwenyewe, asiwekwe mahali pa kujaribiwa kupita nguvu zake.

La pili, tazama Barnaba alifanya nini. Hakumwambia Marko, “Nakuamini, nenda peke yako.” Alimchukua pamoja naye. Walipanda chombo kimoja. Tena alimpeleka Kipro, nchi ambayo Barnaba mwenyewe alizaliwa, mahali alipowajua watu. Marko alikuwa ndugu yake, kama waraka kwa Wakolosai unavyotuonyesha. Ukiuliza jioni Marko alikuwa na nani, jibu ni rahisi: alikuwa na Barnaba.

La tatu ndilo linalonichoma moyo. Ni nani aliyempokea Paulo mwenyewe, siku alipofika Yerusalemu mikono yake ikinuka damu ya watakatifu, na wanafunzi wote wakamwogopa? Katika sura ya 9 twasoma kwamba ni Barnaba huyu huyu. Alimchukua, akamleta kwa mitume, akamsimamia. Basi Paulo, aliyesimamiwa, alishindwa kumsimamia kijana. Sisi nasi ni hivyo. Hakuna hata mmoja katika ushirika wetu aliyeingia kwa sababu yaliyopita yake yalikuwa safi. Kila mmoja wetu alisimamiwa, na aliyetusimamia alilipa kwa damu yake.

Lakini habari haikuishia hapo. Miaka ikapita. Paulo, mzee, amefungwa gerezani, anamwandikia Timotheo. Amebaki na Luka tu, naye anaomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa katika kazi. Paulo alibadili taarifa yake! Hakuona haya kusema kwamba kijana aliyemkataa sasa anamhitaji. Na taarifa yo yote juu ya kijana yapasa kuwa hivyo: ya kuandikwa kwa kalamu, lakini ya kufunguliwa tena mwaka ujao.

Sasa niwamalizie habari za kijana wetu.

Kabla ya siku ya mahakama, yule mvuvi wa Faza alinijia nyumbani. Nilidhani amekuja kudai. Akasema, “Padri, nimesikia wewe umesema kijana atarudia.” Nikaona haya. Akaendelea, “Na mimi nasema atarudia, akikaa bure. Sasa kaskazi inakwisha. Kusi likianza kuvuma, vyombo vitapandishwa pwani, na vijana watakaa vibarazani hawana senti. Wakati huo ndio wa kuibiwa. Mpe kazi kabla ya kusi.” Nikamwuliza, “Nani atampa?” Akanyamaza kidogo, akasema, “Ana deni langu la rafadha. Na aje alifanyie kazi. Lakini wewe utamleta na kumchukua, maana wewe ndiye mzee wake.”

Ndugu zangu, nilikuwa nimehubiri juu ya Barnaba mara nyingi. Siku ile Barnaba alikuja nyumbani kwangu amevaa kofia na kikoi, na ndiye aliyeibiwa.

Mahakama ilimweka kijana chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni. Alijifunza kushona nyavu. Mjane mama yake alimpikia, nasi wazee watatu tukagawana jioni za juma: mmoja Jumatatu na Jumanne, mwingine Jumatano na Alhamisi, nami Ijumaa na Jumamosi. Haikuwa rahisi. Katika kusi la kwanza alitoweka siku mbili, tukamkuta na kundi lake la zamani, macho mekundu. Afisa aliambiwa ukweli, hatukumficha. Kijana alikaripiwa, akarudi kwenye nyavu. Deni la rafadha alilimaliza.

Leo yu mtu mzima. Sitawaambia zaidi, kwa kuwa ana haki ya kutoitwa mwizi redioni miaka yote hii baadaye. Sina hakika na kesho yake, kama nisivyo na hakika na kesho yangu. Lakini jioni zake nazijua.

Basi, wapenzi, twende na mambo haya machache. Afisa akija kukuuliza habari za kijana, usiseme kwa uchungu wala usimpambe. Sema ulilojua kwa macho yako, kisha useme ni nini utakachofanya wewe. Aliyeibiwa mwendeeni kwanza, mumsikilize, hata kama si wa imani yenu. Kama kijana wa ushirika amepelekwa Shimo la Tewa, kumbukeni kwamba kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Garsen na Malindi. Mama mjane hana nauli ya kwenda mara nyingi. Ushirika wachangie, aende. Kijana asiyetembelewa huanza kuamini kwamba hana mahali pa kurudi. Tena msingoje siku ya kufunguliwa kwake. Kabla hajashuka garini, wazee waketi na kulijibu swali la yule binti: jioni atakuwa na nani?

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe ulitujua yaliyopita yetu yote, wala hukutukataa. Uwabariki mahakimu, maafisa wa probesheni na walinzi, uwape hekima ya kupima kwa haki. Uwafariji walioibiwa na kuumizwa. Uwakumbuke vijana walio mbali na nyumbani usiku wa leo, na mama zao wasiopata usingizi. Utusamehe sisi tuliojibu upesi. Utupe moyo wa Barnaba, na utupe jioni moja katika juma ya kumpa mtu. Kwa jina lako twaomba. Amina.